Wenye Dhambi wa Ukuta wa Magharibi

Naftali Gitonga alikuwa na miaka kumi na tisa ya kupaka nyumba za watu wa Eden Prairie, kitongoji cha Minneapolis, rangi nyeupe. Tukisema nyeupe tunamkosea adabu, kwa sababu katika kazi ile hakuna nyeupe. Kuna nyeupe kumi na moja, kila moja na jina lake: Ganda la Yai, Kitani, Ukungu wa Asubuhi. Mwenye nyumba huja na vipande vya karatasi, akavibandika ukutani, akarudi nyuma, akainamisha kichwa, akamwita mumewe. Mume husema zote ni sawa tu. Wanakosana. Halafu wanachagua Ukungu wa Asubuhi. Wote huchagua Ukungu wa Asubuhi. Naftali alishaacha kungoja uamuzi. Ndoo zilikuwa tayari kwenye gari, na ugomvi ule aliuacha uendelee kama sehemu ya huduma.

Ni kazi ambayo ukiifanya vizuri hakuna anayeiona. Mgeni akiingia sebuleni akasema, "Hee, ukuta huu," ujue umeharibu. Naftali alikuwa amepaka kuta za kutosha kuuzunguka mji, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kusimama mbele ya ukuta wake akautazama. Hakulalamika. Lakini alikuwa amefika umri wa miaka hamsini na sita, umri ambao mwanaume huanza kuhesabu vitu alivyoacha duniani, na hesabu yake ilikuwa inatoka nyeupe yote.

Kwao ni Nyeri, katika parokia ya Kiothodoksi ambamo baba yake alisoma zaburi miaka arobaini kwa sauti moja. Watu wa Minnesota wakisikia Mkikuyu ni Mwothodoksi hudhani ameoa Mgiriki. Naftali ameoa Dinah wa Kerugoya, nesi katika hospitali moja ya Minneapolis, na kitu pekee cha Kigiriki nyumbani kwao ni yale maziwa ya mgando ya dukani yenye jina hilo.

Waumini wenzake walikuwa familia thelathini hivi, karibu wote manesi na watunza wazee. Kwa miaka mingi walisali katika chumba cha chini cha kanisa la Walutheri, watu wapole kupita kiasi, ambao walipochoka na moshi wa uvumba hawakusema neno, walileta feni. Wakaleta ya pili. Feni zilipofika nne, Padri Eliezer alielewa ujumbe, na parokia ikahamia Brooklyn Center, kwenye jengo lililokuwa duka la mazulia, katikati ya saluni ya kusuka na mkahawa wa Waliberia. Lilikuwa jengo refu kama behewa, la matofali ya saruji, lenye paa bapa na harufu ya zulia jipya ambayo uvumba haujaishinda hadi leo.

Padri Eliezer, ambaye siku za kazi ni nesi kwenye kliniki ya kusafisha damu, alikuwa na kitabu kimoja kikubwa cha picha. Ndani yake mlikuwa na kanisa dogo la mawe la kijiji cha milimani huko Saiprasi, lenye umri wa miaka mia nane na ushei. Jioni moja ya Mei, baada ya sala, alimkalisha Naftali chini na kukifungua.

"Tazama hili paa," alisema. "Kuna kuba ya mawe. Halafu juu ya kuba wamejenga paa jingine la mbao, limeinama mpaka karibu na ardhi. Unajua kwa nini?"

"Theluji," Naftali alisema.

Padri alimtazama kwa heshima mpya. Lakini hakukuwa na siri yoyote. Mtu aliyengoja basi Brooklyn Center mwezi wa Januari akiwa amevaa kofia juu ya kofia hahitaji kufundishwa usanifu wa Kibizanti.

Ndani ya kanisa lile hapakuwa na nafasi tupu hata ya kuweka kiganja. Katika kuba, Kristo Mtawala wa Vyote alitazama chini kwa macho ya mtu ambaye ameshasikia visingizio vyote. Juu ya altare, Bikira Maria, Mzazi-Mungu, aliinua mikono. Watakatifu walisimama sakafuni kabisa, kimo cha binadamu, hivi kwamba mtu aliyekuja kusali alijikuta amebanana nao kama jamaa kwenye foleni. Na ukuta wa magharibi, ulio na mlango, ulichorwa Siku ya Hukumu. Wazee wale walikuwa na akili zao: ukiingia unapokelewa na mama, ukitoka unaonyeshwa unakoelekea.

"Utaweza?" Padri aliuliza.

Naftali alisema ataenda kufikiria. Kufika kwenye gari alikuwa ameshafikiria.

Tatizo la kwanza lilikuwa chokaa. Michoro ile haipakwi juu ya ukuta. Inapakwa ndani yake. Unapiga lipu ya chokaa na mchanga asubuhi, na kabla haijakauka unachora kwa rangi na maji. Chokaa inakunywa rangi, inakauka nayo, inageuka jiwe. Una saa chache tu, na hakuna kurudia. Kwa mtu aliyeishi mjini kwa kurudia, hilo lilikuwa jambo la kutisha. Juni nzima Naftali alifanya mazoezi kwenye ukuta wa gereji yake, na jirani mmoja, mzee wa Kinorwe, akawa anapita na mbwa wake na kusema kwamba ile sura ni tofauti kidogo, ambalo kwa kipimo cha Minnesota ni tusi.

Tatizo la pili lilikuwa kuba. Dari ya duka la mazulia ni dari ya duka la mazulia. Naftali alizunguka siku mbili, akarudi na dishi la televisheni la zamani, yale makubwa ya upana wa meza ya harusi, akatoboa dari, akalipachika humo kifudifudi, akalisukia wavu wa chuma na kulipiga lipu. Kristo akachorwa ndani ya dishi. Wazee wawili walinung'unika. Wengine walisema sasa angalau maombi yatafika bila kukatika.

Na ikawa nzuri. Hata wanung'unikaji walikiri. Watu walikuja na simu zao, wakalala chali sakafuni kupiga picha. Naftali alisimama nyuma akijifanya anaosha brashi, akawatazama watu wakitazama ukuta.

Kuvimba kichwa huanza hivyohivyo.

Maana ulibaki ukuta wa magharibi. Katika kitabu, chini ya mto wa moto, palikuwa na safu ya wenye dhambi, na hao hawakuwa wafalme wala wapagani wa mbali. Walikuwa watu wa kijiji kile kile. Msaga nafaka aliyepunja unga ananing'inia na jiwe la kusagia shingoni. Mkulima aliyelima kuvuka mpaka wa jirani ana plau. Yupo pia yule anayelala kitandani Jumapili, shetani kamfunika vizuri asipate baridi. Kila mmoja na dhambi yake imeandikwa juu ya kichwa, ili kusiwe na ubishi.

Naftali aliona kasoro. Hakuna msaga nafaka Brooklyn Center. Hakuna mwenye plau. Ukiwachora hao, watu watatoka kanisani wakiwa wametulia kabisa, wamehukumiwa Wasaiprasi.

Basi alitumia siku sita mwezi wa Oktoba. Alimchora nesi ananing'inia kwa mkanda wa kupimia presha: ALIYEANDIKA BILA KUPIMA. Alimchora mtu amejifunika blanketi, simu sikioni, mto kichwani: ALIYESEMA YUKO NJIANI. Akafuata mwenye vidole gumba virefu kama miwa, ALIYEITIKIA AMINA KWENYE WHATSAPP BILA KUSOMA OMBI. Na mama mmoja aliyepinda mgongo chini ya furushi linalong'aa, la ukubwa wa godoro: ALIYEFUNGA CHAKULA KWA FOILI KABLA WAGENI HAWAJALA. Nafasi moja mwisho wa safu, karibu na bawaba ya mlango, aliiacha tupu. Chini kabisa aliandika kama walivyoandika mafundi wa kale: Kwa mkono wa mwenye dhambi Naftali.

Sura hakuiga ya mtu yeyote. Zote alizinakili kutoka kitabuni, pua ndefu, macho makubwa, Wasaiprasi watupu. Hilo aliliapa baadaye na lilikuwa kweli.

Jumapili ilipofika, Liturujia ilikwisha, watu wakageuka ili watoke. Kawaida kutoka kanisani kwa Wakenya huchukua saa nzima. Siku hiyo ilichukua dakika nne.

Simu zilianza Jumatatu. Wa kwanza alikuwa Sydney, kiongozi wa kwaya.

"Mzee, yule wa blanketi."

"Yuko na nini?"

"Ni mimi?"

"Ana pua ya Kigiriki, Sydney."

"Naona pua. Nauliza blanketi. Kwa sababu ile siku ya mazoezi nilikuwa kwa barabara kweli, ni vile nilikuwa sijatoka."

Watu kumi na mmoja walipiga simu kukana dhambi ambazo hakuna aliyewashtaki. Watatu walikana foili. Jumatano ilikuwa zamu ya Padri Eliezer mwenyewe, na sauti ilikuwa ya chini.

"Naftali. Ile presha."

"Padri, sikuwa nakufikiria wewe."

"Ilikuwa mara moja tu. Mgonjwa alikuwa amelala vizuri, nikaona nisimwamshe."

Wiki hiyo Naftali alipokea maungamo mengi kuliko padri wake.

Mtu mmoja hakupiga simu. Huyo alikuwa Mama Stacy, mwenyekiti wa kamati. Jina lake ni Lynette, lakini anayemwita hivyo ni daktari wa meno pekee. Ni mwanamke mwenye mkono wa kutoa, na sahani zake ndizo zilizolisha parokia tangu enzi za feni. Ila ni kweli pia kwamba hakuna sherehe ambayo mkoba wake haukutoka na umbo la kuku.

Naftali alimheshimu Mama Stacy, na alikuwa na sababu ya kumwogopa. Miaka minne nyuma alimpakia sebule, Ukungu wa Asubuhi juu ya kijani cha chura alichokiacha mwenye nyumba wa kwanza. Kiangazi chote ukuta ulikuwa mweupe. Theluji ilipoanguka, mwanga ukaingia kwa kuruka kutoka chini, na kijani kikachungulia.

"Ni theluji, Mama Stacy," Naftali alimwambia kitaalamu. "Mwanga unapita kwenye ule msonobari wako wa dirishani, unaingia na ukijani."

Mama Stacy akaukata msonobari. Kijani kikabaki. Naftali akasema basi ni msonobari wa jirani.

Sasa mama huyo aliitisha kamati Alhamisi, na hakukaa.

"Tusizungushe. Askofu anakuja Jumapili. Atatokea mlango huu huu tunaotokea sisi. Ataona nini? Ataona mama amebebeshwa foili."

"Foili ni ya nani?" Sydney aliuliza.

"Sijasema ni ya mtu."

"Nauliza tu, Chair."

"Na wewe, blanketi ni la nani?"

"Blanketi ziko nyingi."

Padri alijaribu kusema kwamba huko Saiprasi michoro hiyo imekaa miaka mia nane na kijiji hakijafa. Mama Stacy alimjibu kwamba walioichora wamekufa wote, na kwamba msaga nafaka hakuwa na mtoto anayetafuta mchumba humo kanisani. Kura zikapigwa. Sita walisema ufutwe, wawili walisema ubaki, na Padri akasema yeye ni mtu wa mambo ya kiroho. Ikaamuliwa kwamba Naftali mwenyewe aufunike kabla ya Jumapili, kwa kuwa ndiye mwenye rola. Rangi ataileta Mama Stacy. Hakuna aliyeuliza ni ipi.

Naftali alifika nyumbani akakaa mezani na koti lake. Dinah alikuwa anajiandaa kwenda kazini, akamwekea chai, akangoja.

"Wanataka niufunike," alisema. "Ukuta mmoja, Dinah. Katika maisha yangu yote watu wameangalia ukuta mmoja."

"Wameangalia sana."

"Nimesema uongo wapi? Niambie. Ni dhambi gani hapo haipo kanisani?"

"Zote zipo." Dinah alivuta kiti. "Na wewe uko wapi hapo?"

"Mimi nimo. Nimeandika chini. Kwa mkono wa mwenye dhambi Naftali."

"Mwenye dhambi gani?"

"Ndivyo wanavyoandika."

"Wenzako umewaandika rejareja, mmoja mmoja na mzigo wake. Wewe umejiandika kwa jumla." Akachukua funguo za gari. "Nani hatakasirika?"

Alipoondoka, Naftali alibaki akiitazama chai mpaka ikafanya utando. Hakuhitaji kutafuta sana. Ile siku ya sebule ya Mama Stacy alikuwa na nyumba nyingine inamngoja Eden Prairie. Alipaka mara moja. Ilipokauka ikapendeza, akasema ameshapaka mbili, akakunja turubai.

Jumamosi asubuhi aliingia kanisani peke yake na ndoo ya chokaa. Nje mawingu yalikuwa ya chini, ya rangi ya chuma. Akapiga lipu kwenye ile nafasi tupu karibu na bawaba, akaipa muda ishike, kisha akachora bila kupumzika. Saa nane alisikia gari, halafu mlango, halafu kishindo cha ndoo ya galoni tano ikitua sakafuni. Kifuniko kiliandikwa Ukungu wa Asubuhi.

"Sioni kilichofunikwa," Mama Stacy alisema.

"Bado."

"Naona kilichoongezeka."

Naftali alisogea pembeni na brashi yake, na Mama Stacy akaja karibu, akavaa miwani.

Mwenye dhambi wa mwisho alikuwa mwanaume mfupi mwenye ndoo imefungwa shingoni kwa waya na rola mkononi. Huyu hakuwa na pua ya Kigiriki. Alikuwa na pua ya Naftali, na hakuipunguza. Nyuma yake kulikuwa na ukuta mweupe wenye kijani kinachungulia. Miguuni pake, kisiki cha msonobari. Juu ya kichwa: ALIYEPAKA MARA MOJA AKASEMA MBILI.

Mama Stacy alisoma. Akasoma tena. Feni moja ya Walutheri, waliyopewa kama zawadi ya kuagana, ilizunguka pembeni ikikausha mahali pasipotakiwa.

"Huo mti ni wangu," alisema mwishowe.

"Ni wako, Mama Stacy."

"Na ile theluji?"

"Haikuwa theluji."

"Wa jirani nao. Nimekosana na yule mzungu miaka miwili kwa ajili ya mti wake."

"Najua. Nisamehe."

Alivua miwani, akaifuta kwa ncha ya skafu, akairudisha. Naftali aliitazama ile ndoo ya galoni tano. Ilikuwa karibu na mguu wa Mama Stacy kuliko wake, na mfuniko ni wa kuvuta tu.

"Nilikuwa na ndege kwenye huo mti," Mama Stacy alisema. "Wawili. Wale wekundu wanaobaki hata baridi ikija. Asubuhi nikitoka zamu ya usiku nilikuwa nawakuta. Nilikuwa nawasalimia kwanza, ndio naingia kwa nyumba."

Naftali hakuwa anajua hilo.

"Hiyo chokaa imekauka?" Mama Stacy aliuliza.

"Bado kama nusu saa."

"Basi weka ndege zangu."

"Wote wawili?"

"Kwani mmoja atakaa na nani?"

Aliwachora juu ya kisiki, kwa rangi ya udongo mwekundu iliyobaki alipochora mto wa moto. Mama Stacy alisimama nyuma yake muda wote akisema mkia ni mrefu zaidi, yule wa kike si mwekundu hivyo, mpunguze. Ilipokwisha, aliinua ndoo yake, akatazama safu nzima kutoka presha hadi foili.

"Huyo mama umempinda mgongo sana," alisema, akatoka na ndoo.

Jumapili askofu alikuja, mzee mwembamba mwenye ndevu zilizofika mkandani. Alisifu dishi bila kujua ni dishi. Baada ya Liturujia aligeuka kuelekea mlangoni, na parokia nzima ikamfuata kwa hatua za watu wanaopeleka mtoto kwa mwalimu mkuu. Alisimama mbele ya ukuta wa magharibi. Alisoma maandishi yote, polepole, akisogeza midomo. Sydney alikuwa amejificha nyuma ya Padri, na Padri alikuwa anatafuta wa kujificha nyuma yake.

"Hawa ni akina nani?" askofu aliuliza.

Kwa mara ya kwanza tangu parokia ile ianzishwe, watu wote walimwachia mwenyekiti ajibu.

"Huyo wa ndoo ndiye fundi," Mama Stacy alisema. "Hao wengine bado tunachunguza."

Askofu aliinama kutazama mwisho wa safu. "Na hawa ndege wametenda nini?"

"Hao ni mashahidi."

Mzee aliinua mkono, akaubariki ukuta kuanzia juu kwa malaika hadi chini kwenye bawaba, na alipokuwa anatoka alisikika akimwuliza shemasi wake kwa sauti ndogo kama kuna mtu aliyemwona akijibu amina kwenye simu bila kusoma.

Usiku huo theluji ya kwanza ikaanguka. Jumatatu Naftali alipofika kwa Mama Stacy, uwanja ulikuwa mweupe, mwanga umeingia sebuleni kutoka chini, na kijani kimetoka chote, kimekaa ukutani waziwazi kama mgeni aliyezoea. Ndoo ya galoni tano ilikuwa katikati ya chumba. Mama Stacy alikuwa ameweka kiti chake mbele ya ukuta, kwa namna watu wanavyokaa kutazama mpira.

"Anza," alisema. "Mimi sina zamu leo."

Naftali alipaka mara ya kwanza. Alingoja ikauke, na Mama Stacy akangoja pamoja naye. Alipaka mara ya pili. Rola ilipofika kona ya dirisha Naftali alirudi nyuma, akainamisha kichwa kama wenye nyumba wa Eden Prairie, na ukuta ulikuwa mweupe, na theluji ilikuwa nyeupe, na kwa Mama Stacy hakukuwa na kijani popote isipokuwa kwenye mche mdogo wa msonobari uliokuwa barazani ndani ya ndoo ya plastiki, na kipande cha karatasi cha duka bado kimefungwa shingoni. Naftali alikuwa ameuleta asubuhi, akauacha pale bila kusema.

Mama Stacy aliutazama ukuta muda mrefu. Akaenda jikoni, akarudi na kitu kizito, cha moto, kimefungwa kwa foili tabaka mbili, akamwekea mikononi.

Naftali aliitazama foili. Mama Stacy alimtazama Naftali.

"Peleka kwa Dinah," alisema. "Na usifungue mdomo."